Tabasamu la Vienna, Sakafu ya Kihoto

Asubuhi ya Jumamosi, Oktoba 12, 2019, Wakenya wengi walikuwa wameganda mbele ya runinga. Katika bustani ya Prater mjini Vienna, wakimbiaji waliokuwa wakimkinga Eliud Kipchoge dhidi ya upepo walirudi nyuma wakamwachia barabara. Akawanyooshea mashabiki vidole, akatabasamu, akakata utepe baada ya saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Hakuna aliyekuwa amekimbia kilomita 42.195 chini ya saa 2 kabla yake. Rekodi ya dunia haikuandikwa, kwa sababu ya wasaidizi wale waliokuwa wakipokezana njiani, lakini nani alijali siku hiyo?

Kilomita chache kutoka hapo, mji uleule ulikuwa na habari nyingine ya miili na mazoezi, nayo haikushangiliwa na mtu. Aprili mwaka huo, gazeti la kila wiki la Falter lilifichua yaliyokuwa yakitendeka katika chuo cha bale cha Opera ya Taifa ya Vienna: wanafunzi kupigwa, kuvutwa nywele na kusimangwa kwa maumbile yao. Tume iliyoundwa kuchunguza ilitoa ripoti yake Desemba. Ilikuta kwamba watoto hawakulindwa inavyopaswa, na kwamba wapo waliokuwa wakishauriwa kuvuta sigara ili wasinenepe.

Sigara, kwa mtoto anayefunzwa kuruka.

Si kwamba riadha ni takatifu na bale ni dhambi. Tofauti iko katika mambo mawili ambayo kambi za mbio za Bonde la Ufa zimeyazoea na chuo kile kikongwe kilikuwa kimeyapuuza: mwili una hesabu ya uchovu ambayo haiongopewi, na akili ya mwanafunzi ni kiungo cha mwili huo kama lilivyo goti. Wazungu wameyapa mambo hayo majina mawili, sayansi ya densi na saikolojia ya utendaji, wakayafungulia kliniki na shahada. Kenya sasa inaingiza densi rasmi katika shule za sekondari. Itakuwa ajabu ikianza na adabu ya zamani ya Ulaya, ile ya fimbo na matusi, halafu ije kujirekebisha baada ya miaka 30, ilhali dawa inaota nyuma ya nyumba yake.

Tabasamu la Kipchoge lenyewe linafaa kutazamwa kwa karibu. Mwenyewe amelieleza mara nyingi: hutabasamu ili mwili ulegee na maumivu yasahaulike. Mwaka 2018 mwanasaikolojia Noel Brick na wenzake walilipima jambo hilo kwa wakimbiaji 24 wa vilabu. Walipotabasamu, walitumia nguvu pungufu kwa takriban asilimia 2.8 kuliko walipokunja uso, mwendo ukiwa uleule. Kwa mtu wa marathoni, asilimia 2.8 ni mali.

Mcheza bale naye hutabasamu. Lakini lake ni tabasamu la sebuleni, la kumpokea mgeni huku jikoni kunaungua. Anayelipa tiketi hapaswi kuona kwamba msichana aliye jukwaani amesimama juu ya ncha za vidole vyake, kucha imeng'oka, na moyo unapiga kama wa mkimbiaji wa mita 800. Misuli ni ileile ya uso, ila kwa mmoja ni chombo cha kazi na kwa mwingine ni pazia. Kazi ya saikolojia katika bale, ikifanywa sawasawa, ni kulitoa tabasamu kwenye pazia na kulirudisha kwenye chombo.

Watu wengi hawaamini kwamba bale ni kazi ya mwili. Wanaona vitambaa vyeupe na muziki wa Tchaikovsky, basi. Siku ya mcheza bale wa kulipwa huanza na darasa la asubuhi la zaidi ya saa moja, hufuatwa na mazoezi hadi alasiri, na jioni kuna onyesho. Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na mtaalamu wa viungo Nick Allen walichapisha hesabu ya mwaka mzima ya kundi moja la kulipwa. Wachezaji walikuwa 52. Majeraha yalikuwa 355. Wastani wa karibu majeraha saba kwa kila mtu kwa mwaka! Timu ya soka ikipata hesabu kama hiyo, kocha hafiki Krismasi.

Utamu wa kisa uko katika yaliyofuata. Kundi hilo halikugundua dawa mpya wala kununua mashine ya ajabu. Lilianza kuandika kila jeraha, lilitokea lini, katika zoezi gani, kwa nani, kisha kila mchezaji akapangiwa mazoezi ya nguvu yanayolingana na udhaifu wake. Ndani ya mwaka mmoja majeraha yalipungua kwa takriban nusu. Daftari na kalamu, na mtu mwenye nidhamu ya kujaza.

Harakati hizi za sayansi ya densi zina umri. Mwaka 1990 kiliundwa chama cha kimataifa cha tiba na sayansi ya densi, IADMS. Mwaka 2013 Royal Ballet ya London ilifungua kituo chake cha afya, Mason Healthcare Suite, chenye wataalamu wa viungo, wa lishe na wa saikolojia chini ya paa moja. New York, Linda Hamilton alicheza na New York City Ballet kwa miaka mingi, kisha akasomea saikolojia na kurudi kuwahudumia wenzake. Huyo ndiye mfano unaovutia zaidi, kwa sababu mchezaji anayeingia ofisini kwake halazimiki kueleza maumivu ya vidole ni nini.

Hata ubongo umepigwa picha. Mwaka 2013 watafiti wa Imperial College London waliwalinganisha wanawake 29 wanaocheza bale na 20 wapiga makasia, wakawazungusha gizani kwenye kiti. Wacheza bale walisikia kizunguzungu kwa muda mfupi zaidi, na sehemu ya nyuma ya ubongo inayopokea habari za sikio la ndani ilikuwa ndogo kuliko ya wenzao. Miaka ya mazoezi ilikuwa imeufunza ubongo kutojali kelele fulani. Anayedhani mazoezi ya mwili yanaishia kwenye misuli na akafikiri upya.

Lakini kwa mji kama Naivasha, katika kaunti ya Nakuru, utafiti wenye uzito kuliko wote hauna picha wala mashine. Ni wa mwaka 1998, wa mwanasaikolojia Ronald Smith na wenzake, juu ya wachezaji wa kundi kubwa la bale nchini Marekani. Waliuliza maswali ya kawaida: maisha yako yana misukosuko kiasi gani, na una watu wangapi wa kukushika mkono? Kwa wachezaji waliokuwa na watu, misukosuko haikuhusiana na majeraha. Kwa waliokuwa peke yao, ilihusiana, tena sana. Mtu aliyelala bila usingizi kwa sababu ya kodi ya nyumba huja darasani misuli imekaza na macho hayako, na kifundo cha mguu ndicho kinacholipa.

Sasa mchukue mtoto wa Kihoto.

Kihoto ni mtaa wa Naivasha ulioko kati ya mji na ziwa. Kwa Kikuyu, kihooto ni haki, au hoja isiyopingika. Wakazi wengi ni wafanyakazi wa mashamba ya maua, watu wanaoamka alfajiri kupanda basi la kampuni na kusimama kutwa wakipanga waridi kwa urefu wa shina. Kuelekea Februari 14, Ulaya ikingojea maua ya wapendanao, saa za kazi hurefuka. Mwaka 2020 Ziwa Naivasha lilipanda likaingia mitaani. Mwishoni mwa 2025 likarudi kwa nguvu kubwa zaidi. Maelfu walihama, wengine wakitolewa kwa mashua katika njia zilezile walizokuwa wakipita kwa bodaboda. Vyoo vilifurika, shule zikaingia maji.

Weka katika mtaa huo msichana wa miaka 12 anayetaka kucheza. Kwa leo ataambiwa aende Nairobi, kilomita 90 hivi. Lakini tuseme darasa limefunguliwa palepale mtaani, katika ukumbi wa kanisa. Anakuja na mwili unaoweza kuwa mzuri kuliko wa mtoto yeyote wa London. Anakuja pia na kitanda kilichohamishwa mara tatu, mama anayerudi usiku, na daftari za shule zilizolowa. Kwa mujibu wa hesabu ya 1998, huyo ndiye aliye karibu zaidi na kuumia, hata kama anakunja magoti vizuri kuliko wote. Ndiyo maana hoja ya kwamba saikolojia ni anasa ya matajiri inakwenda kichwa chini miguu juu. Royal Ballet inaweza kumudu kuikosa kuliko Kihoto.

Kenya si mgeni wa bale. Mike Wamaya amewafundisha watoto wa Kibera kwa miaka mingi, na mwaka 2017 alikuwa miongoni mwa walimu kumi bora waliofika fainali ya Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani. Mwaka 2015 Cooper Rust, mcheza bale kutoka Marekani, alianzisha Dance Centre Kenya jijini Nairobi, inayofundisha watoto wa mtaa wa kitajiri wa Karen na wa mitaa ya mabanda katika ukumbi mmoja, na onyesho lao la Nutcracker katika Ukumbi wa Taifa limekuwa desturi ya Desemba. Kutoka mtaa wa Kuwinda alitokea Joel Kioko, ambaye safari yake ilimfikisha katika shule ya English National Ballet mjini London.

Dunia iliwajua watoto wa Kibera kwa picha. Chumba cha darasa kimeondolewa madawati, mwanga unaingia kwa dirisha moja, na wasichana wameinua mikono juu ya sakafu tupu. Picha nzuri kweli. Mwaka 2020 ikaja video ya Anthony Madu wa Lagos, mvulana wa miaka 11 akizunguka kwa ncha ya mguu, peku, mvua ikimnyeshea kwenye uwanja wa saruji. Mamilioni waliitazama na akapata nafasi Elmhurst, shule ya bale iliyoko Birmingham. Ni jambo la heri, na hakuna wa kumwonea wivu. Lakini katika makofi yote yale, waliouliza saruji inafanya nini kwa muundi wa mtoto anayerukia hapo mara 100 kila jioni walikuwa wachache. Umaskini ukipigwa picha vizuri hugeuka mapambo, na sakafu mbaya ikawa sehemu ya uzuri wa hadithi.

Kwa hiyo na tuanze na sakafu. Ukiwa na pesa kidogo za kufungua darasa la densi Naivasha, usinunue viatu vya ncha, usinunue vitambaa vya waridi, wala usilipe mpiga picha. Mwite seremala. Sakafu ya densi hujengwa kwa mbao nyembamba zilizopishanishwa matabaka mawili au matatu kama mkeka, zikiachiana nafasi ili ziweze kunepa, juu yake plaiwudi, na juu kabisa zulia la plastiki lisiloteleza. Mafundi wanaotengeneza makabati ya jikoni Naivasha wanaiweza kazi hiyo bila kwenda kusoma popote. Ubaya wa saruji ni kwamba hainepi wala haifyonzi chochote; nguvu yote ya kushuka, ambayo ni mara kadhaa ya uzito wa mtoto, inabaki mguuni.

Baada ya sakafu, masikio ya mwalimu. Mtoto anaporuka, ncha ya dole gumba ndiyo ya mwisho kuiacha sakafu, na katika kushuka ndiyo inayotangulia. Inafuata sehemu ya mbele ya wayo, kisha kisigino, huku goti likikunjika sawasawa juu ya kidole cha pili. Yote hayo hayamalizi sekunde moja na jicho haliwezi kuyafuata kwa watoto 20 kwa mpigo. Sikio linaweza. Aliyetua vizuri husikika kama mtu aliyeweka mfuko wa pamba chini. Aliyetanguliza kisigino hupiga “pa!” Mwalimu anaweza kuwapa mgongo wanafunzi wake, akawasikiliza wakiruka mara nane, na akageuka akiwa anajua nani amechoka. Hiyo ni sayansi, na haihitaji umeme.

Na baada ya masikio, ulimi. Hapa ndipo mambo yale mawili, mwili na akili, yanapokuwa jambo moja. Tangu mwisho wa miaka ya 1990, mtafiti Gabriele Wulf na wengine wameonyesha mara kwa mara kwamba mtu anayejifunza tendo la mwili hufanya vizuri zaidi akielekezwa kwenye matokeo ya tendo kuliko kwenye kiungo chake. “Isukume sakafu iende mbali nawe” hufanya kazi kuliko “nyoosha goti, nyoosha goti.” Msemo wa kwanza unampa mwanafunzi kitu cha kutenda, wa pili unamfanya ajichungulie, na mtu anayejichungulia katikati ya mruko hukauka kama ukuni. Sasa linganisha na misemo ambayo watoto wetu wameizoea: “Wewe ni mzito kama gunia.” “Hata mdogo wako anakushinda.” Mwalimu akisema hivyo hudhani anarekebisha tabia. Anachofanya ni kuukaza mwili ambao dakika ijayo atautaka uruke ukiwa umelegea. Tusi lake limeingia kwenye goti moja kwa moja, bila kupitia moyoni.

Chakula ni somo ambalo bale ya Ulaya ililifeli kwa aibu, na sigara za Vienna ni ukurasa mmoja tu. Tangu miaka ya 1980 madaktari waliandika juu ya wasichana wa bale wanaochelewa kupata hedhi na kuvunjika mifupa. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa jina pana zaidi kwa hali ya mwanamichezo kutumia nguvu nyingi kuliko anayokula, ikaonya kwamba inadhuru mifupa, moyo, kinga ya mwili na hata hisia. Ulaya tatizo ni msichana anayekataa sahani. Kihoto sahani yenyewe huenda haikuwepo. Mwili hautofautishi. Kwa hivyo darasa lianze na uji, si baada ya kazi kama zawadi, bali kabla, kama vile injini inavyotiwa mafuta kabla ya kuwashwa. Na kioo kikubwa ukutani, ambacho kila studio hukihesabu kama lazima, kinaweza kungoja.

Wapo watakaosema bale ni ya Wazungu na tungefundisha densi zetu. Hoja hiyo ina uzito wake, ila hairuhusu mtu kukwepa somo. Moran anayeruka adumu, mwili wima na vifundo vikifanya kazi ya springi, anatua kwenye ardhi ileile ya hesabu. Kijana anayecheza mwomboko na yule anayerekodi video za densi za mitandaoni kando ya barabara ya Moi wana kano za kisigino kama za Kioko. Bale ina faida moja tu: imepimwa sana, kwa hiyo makosa yake yameandikwa. Tunaweza kuyasoma bila kuyarudia.

Wengine watasema vipimo hivyo ni vya wachezaji wachache, watu wazima, wa Ulaya na Marekani, na kwamba kuvihamishia kwa mtoto wa Naivasha ni kubahatisha. Hilo ni kweli kwa kiasi kikubwa. Wachezaji 52 si bahari. Ndiyo sababu ya kutaka daftari liwepo tangu siku ya kwanza: Bonde la Ufa lina vyuo vikuu, likiwemo Egerton pale Njoro, vinavyoweza kuwapima watoto wetu kwa ajili yetu badala ya kungoja hesabu za kuazima. Chuo Kikuu cha Kenyatta, karibu na Nairobi, tayari kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo.

Tahadhari moja kuhusu neno saikolojia. Kenya imejaa wahamasishaji. Wanaingia shuleni na kipaza sauti, wanawaambia watoto waote ndoto kubwa, wanalipwa, wanaondoka. Hiyo siyo saikolojia ya utendaji, kama vile kumpigia mtu makofi siyo fiziotherapia. Kazi halisi ni ya polepole na haina kelele: kumfunza mchezaji aliyeumia kupitia ngoma nzima kichwani, hatua kwa hatua, huku mguu umepumzishwa, kumzoesha kucheza mbele ya watu watano kabla ya 500, kumfanya aweze kusema “naumia” bila kuogopa kunyang'anywa nafasi. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Misty Copeland wa American Ballet Theatre aliendelea kucheza mwaka 2012 huku mfupa wa muundi wake una nyufa sita, kwa sababu jukumu alilopewa lilikuwa la kwanza la aina yake kwa mwanamke mweusi katika kundi hilo. Alipona, na mwaka 2015 akapandishwa hadi daraja la juu kabisa. Hadithi yake husimuliwa kama ya ushujaa. Mkufunzi makini ataisikia pia kama kengele ya hatari.

Nyuma ya nyumba tuna nini, basi? Tuna Kaptagat. Katika kambi ya Kipchoge chini ya kocha Patrick Sang, siku ngumu hufuatwa na siku nyepesi, usingizi wa mchana ni sehemu ya kazi, fiziotherapia si ya kungoja mtu aumie, na bingwa wa Olimpiki huosha choo kwa zamu kama wengine. Hakuna aliyeita hayo saikolojia alipoyaanzisha. Lakini ukiyatazama kwa jicho la utafiti wa 1998, utaona kikundi kinachomshika mtu mkono kila siku, awe ameshinda au ameshindwa. Tuna pia mfano wa Ndugu Colm O'Connell, aliyefika shule ya St Patrick's Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia na akaishia kumlea mkimbiaji David Rudisha bila yeye mwenyewe kuwahi kuwa mwanariadha. Alichokuwa nacho ni jicho la kutazama na subira.

Kambi nazo si peponi. Agnes Tirop aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee Septemba 2021, na mwezi uliofuata akakutwa ameuawa nyumbani kwake Iten. Miguu yake ilikuwa imehudumiwa vizuri. Kilichomuua hakikuwa uwanjani. Wanariadha wenzake walianzisha Tirop's Angels kwa sababu walielewa kwamba mafunzo yasiyojua mtu anarudi katika nyumba gani jioni yanafumba jicho moja.

Serikali imefungua mlango, pengine bila kujua ulivyo mpana. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia shule za upili za juu, na mojawapo ya mikondo mitatu waliyochagua ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Muziki na densi zimo humo pamoja na spoti. Kwenye karatasi, mcheza densi na mkimbiaji wamewekwa nyumba moja. Hatari ni kwamba watapewa vyumba tofauti: mwalimu wa densi afundishe hatua, mwalimu wa michezo afundishe mapafu, na mwalimu wa ushauri nasaha aitwe pale mtoto anapoanguka. Ni rahisi kuzuia hilo. Walimu wa densi wa kaunti ya Nakuru wapelekwe wiki mbili Kaptagat au Iten, si kukimbia bali kukaa kitako na kuangalia watu wanavyopumzika. Makocha nao walete wanariadha wao studio wakajifunze kutua.

Kaunti hii haina upungufu wa walimu wa kazi hiyo. Peter Tabichi aliitwa mwalimu bora duniani Machi 2019 akiwa anafundisha sayansi Keriko, shule ya kutwa huko Njoro iliyokuwa na kompyuta moja. Ukumbi wa Nakuru Players upo. Mafundi wapo. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaketisha meza moja.

Kipchoge ameandika mazoezi yake katika daftari tangu mwaka 2003, kila siku, kwa mkono: umbali, muda, hali ya mwili. Darasa la kwanza la densi Kihoto lingeanza na daftari kama hilo kwa kila mtoto, la kurasa 96, la duka la mtaani. Safu ya kwanza ni usingizi, saa ngapi. Ya pili ni chakula, nini na lini. Ya tatu ni maumivu, wapi, na yana uzito gani kati ya moja na kumi. Safu ya nne ni ya nyumbani, na haina kipimo maalumu. Mtoto anaweza kuandika kwamba mama amefanya zamu ya usiku, au kwamba wamehamia kwa shangazi, au maji yamefika wapi tangu jana. Mwalimu anaisoma hiyo kwanza, kabla muziki haujawashwa, kisha anaamua leo wataruka au watabaki chini wakinyoosha miguu.